Kitenge cha Albertine kwenye sili ya kontena

Saa kumi na mbili asubuhi, na lori la Edouard Mbuyi limeshaanza kutembea. Linatoka polepole katika uwanja wa malori wa Lubumbashi, ulio kwenye njia ya Kasumbalesa, limebeba kontena la bluu, na ndani ya kontena kuna shaba inayokwenda Dar es Salaam. Vumbi jekundu limeshaamka. Mlinzi amelishika geti kwa mikono miwili lisirudi.

Edouard anatoa kichwa dirishani.

"Mama Albertine! Unaniacha niende mutupu hivi?"

"Mutupu wapi?" anajibu mwanamke mfupi mwenye sindano nene iliyochomekwa kwenye kilemba. "Uko na sanduku ya chuma muzima. Unataka nini ingine?"

"Sanduku haina baraka."

"Baraka uliza padri. Miye niko muntu ya bashi."

Anasema hivyo, lakini miguu imeshaondoka. Anakimbia huku anachana ukingo wa kitenge alichojifunga kiunoni. Anaufikia mlango wa nyuma wa kontena, pale ilipofungwa kebo ya sili, ile lakiri inayoonyesha kama mlango umeguswa. Anaizungushia kile kipande cha kitambaa, anakaza fundo, anapiga bati kwa kiganja. Lori linaongeza mwendo na kuingia barabarani.

"Mama!" anapiga kelele Falonne, anayeuza maharage na mikate pembeni ya geti. "Hata bwana yako hukumukimbilia vile!"

"Bwana yangu alikuwa anatembea polepole," anajibu Albertine, akihema.

Huo ulikuwa mwezi wa tatu mwaka huu. Fundo lile dogo lilimnyang'anya Edouard funguo za lori, na kidogo limnyang'anye Albertine kazi aliyoifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Albertine Chilufya ana umri wa miaka sitini na miwili. Nyumba yake iko mtaa wa Katuba, ndogo, ya matofali, aliyoijenga marehemu mumewe. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yake imekuwa kufunika.

Shaba hutoka viwandani katika mabamba mapana. Zamani yalipangwa wazi juu ya lori, yakakazwa kwa mikanda, kisha yakafunikwa kwa turubai, ambalo watu wa Lubumbashi huliita bashi. Albertine ndiye aliyelitandaza na kulifunga kamba, na lilipochanika njiani ndiye aliyelishona liliporudi.

"Bantu banafikiri bashi ni juu ya mvua," anasema, yaani watu hudhani turubai ni kwa ajili ya mvua. "Mvua ni kitu kidogo. Bashi ni juu ya macho. Muntu akiona shaba inapita mu njia, roho yake inaanza kuruka."

Ukikaa kutwa nzima katika uwanja ule utasikia majina ya bandari yakitajwa kama majina ya mitaa. Huyu anakwenda Durban, yule ametoka Beira, mwingine amekwama njia ya Walvis Bay. Mji hauna bahari, wala hauko karibu na bahari, lakini kila anachovaa mtu hapa na kila anachouza kimepita kwenye maji ya chumvi.

Albertine hajawahi kuiona bandari hata moja.

"Minaziyua kwa bashi," anasema, yaani anazijua kwa maturubai yanayorudi. "Bashi ya Dar inarudi na harufu ya chumvi na mafuta ya taa. Ya Walvis inarudi na muchanga mweupe mu kona, hata ukipiga namna gani hautoki. Ya Durban inarudi safi. Kule bantu banafagiaka."

Kazi hii aliikuta kwa baba yake.

Casimir Musonda alikuwa mfunika mabehewa katika stesheni ya Lubumbashi. Siku hizo shaba ilikwenda magharibi kwa treni, ikapita Tenke na Kolwezi, ikavuka mpaka Dilolo, ikakata Angola yote mpaka bandari ya Lobito. Maturubai yalikuwa mali ya reli. Yalikwenda na shaba na kurudi bila shaba.

Casimir alikuwa na desturi yake. Katika fundo la mwisho la kila turubai alifungia kipande cha kitenge cha mkewe.

"Bantu ya ku bahari balikuwa banayua: hii ni bashi ya fulani, inafungwa muzuri," anasimulia Albertine. "Siku bashi inarudi, mu kona kuko kintu. Chumvi kidogo mu karatasi. Ganda ya bahari. Siku ingine samaki mukavu. Na kila mara kuko kamba ya bluu. Hatukuyua ni nani. Papa alikuwa anamuita Ndugu ya Bahari."

"Mama naye anacheka," anaendelea, na yeye mwenyewe anacheka. "Anasema: Casimir, siku moja utapata mu kona barua ya mwanamuke ya kule, na miye nitakufunga mu bashi, nikutume."

Nyumba nzima ililamba chumvi ile. Watoto waligombania makombe ya bahari. Albertine anasema harufu ya turubai lililorudi kutoka Lobito, lililoanikwa uani siku ya Jumamosi, ndiyo harufu ya utoto wake, zaidi ya harufu ya ugali wao wa bukari, zaidi ya kinywaji cha munkoyo cha bibi yake.

Mwaka 1975 vita vilizuka Angola na njia ikafungwa.

"Papa alifunika vagon ya mwisho, na hakuna muntu alimuambia ni ya mwisho," anasema. "Kiisha akangoja bashi zake. Anaenda ku stesheni, anauliza: bashi zangu? Banamucheka. Nyuma ya miaka kidogo, anaenda tena, anauliza. Sasa habamucheke tena. Njo pale mama alimukataza kuenda."

Shaba ikageuza uso. Ikaenda kusini kwa treni, na treni zilipochoka ikapanda malori. Casimir alifariki akiwa amestaafu, bila kuona behewa jingine likienda Lobito. Miaka michache baadaye mshahara wa mume wa Albertine, aliyekuwa fundi kwenye migodi, ukaanza kuchelewa, halafu ukaacha kabisa kuja. Albertine alikuwa akiuza dagaa sokoni. Akafungua sanduku la baba yake, akatoa sindano, akaenda kwenye uwanja wa malori.

Wanaume walimzunguka. "Mama, unakuja kushona suruali zetu?"

"Suruali ziko muzuri," aliwajibu. "Njo bale banazivaa bako babovu."

Walimpa turubai lililochanika vibaya ili wamcheke. Jioni wakalikuta limeshonwa na kukazwa juu ya lori. Tangu siku hiyo wakamwita mama wa bashi.

Desturi ya baba yake aliihamishia kwenye malori. Kila shehena aliifungia kipande cha kitenge kwenye fundo la mwisho, na dereva alijua: akikirudisha kipande kile, Mama Albertine atakula chochote alichokuja nacho pamoja naye, na safari itahesabiwa imekwisha. Wakamletea sabuni ya Durban, tende za Dar es Salaam, kombe la bahari, fulana ya timu ya mpira ya Lusaka ambayo bado anaivaa akilala. Dereva mmoja alimletea maji ya bahari katika chupa. Aliyaonja, akatema, akamwambia: "Sasa minaelewa juu ya nini bazungu balitoka kule."

Basi ndivyo ilivyokuwa, mpaka bandari zilipobadilika.

Stéphane Ngalula ndiye msimamizi wa uwanja ule, ambao ni wa kampuni ndogo ya usafirishaji. Babu yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya ukarani kwenye reli, na familia ikabaki. Mabadiliko ya bandari anayaeleza kwa upole, kama mtu aliyeyaeleza mara nyingi.

"Bandari zote zinatuangalia," anasema. "Dar, Durban, Beira, Walvis Bay, na sasa Lobito imeamuka. Kila moja inasema: leta shaba kwangu, miye nitaipakia mbio. Zamani bandari ilikuwa fasi ya meli kusimama. Sasa ni biashara inagombea wateja. Wanaleta waendeshaji wapya, mashine mpya, sheria mpya. Na ile mbio iko na bei yake: wanataka kujua kila sanduku mbele haijatoka hapa."

Kwa maneno mengine, mtu anakaa katika ofisi inayotazama bahari, anatia saini, na saini ile inasafiri juu ya milima na mipaka mpaka inafika kwenye mikono ya mwanamke wa Katuba.

Katika uwanja wa Stéphane saini hiyo ilifika kwa sura ya kontena. Mnunuzi wa shaba alitaka mabamba yafungiwe ndani, mlango utiwe sili yenye kebo, na sili ipigwe picha lori likiwa bado uwanjani. Picha ile inatangulia. Lori likifika karibu na bandari linapigwa picha nyingine, na picha mbili zinalinganishwa.

Albertine alijua habari za kontena. Habari za picha hakuna aliyemweleza, kwa kuwa hakuna aliyefikiri zinamhusu.

Picha ya Lubumbashi ilionyesha sili tupu. Picha ya pili ilionyesha sili iliyofungwa kitambaa cha manjano chenye maua ya zambarau.

Kontena likawekwa kando. Likafunguliwa, mabamba yakahesabiwa. Halikukosekana hata moja. Lakini hesabu ile ilichukua muda, na meli haikungoja. Mnunuzi alikasirika, kampuni ikalipa, na Edouard akaulizwa kwa simu: nani aligusa sili?

Edouard akasema labda ni watoto, pale aliposimama kula, karibu na mpaka wa Tanzania.

"Nilifikiri ninamusaidia mama," anasema Edouard, mwanamume wa miaka thelathini na nane, mwenye watoto watano na sauti nzito. "Kumbe nilijimaliza."

Maana kama mtoto anaweza kufika kwenye sili, dereva alikuwa wapi? Na kama mtoto anaweza, mwizi je? Edouard aliporudi, funguo zilichukuliwa palepale getini. Akaambiwa angoje nyumbani uamuzi wa kumwachisha kazi.

Albertine aliona lori likitoka na dereva mwingine. Falonne ndiye aliyempa habari.

"Shofere yako anakaa ku mulango ya nyumba yake, anaangalia magari ya benzake inapita," alimwambia. "Banasema ni kitambaa."

"Kitambaa gani?"

Falonne aliangalia kiuno cha Albertine, pale kitenge cha manjano kilipokuwa kimechanwa ukingo.

Siku hiyohiyo Albertine alikwenda kwa Edouard. Mke wake alimpa kiti na hakumpa maji.

"Juu ya nini hukusema ni miye?" Albertine akauliza.

"Nikisema, banakufukuza, mama. Miye ni kijana. Nitapata gari ingine."

"Hiyo gari ingine iko wapi?"

Mkewe akamjibia: "Iko mu ndoto. Kila usiku anaiendesha."

"Njo vile," alisema Albertine. "Simama. Tuende kwa Stéphane."

"Mama, acha. Mu ile ofisi hamuna fasi ya mambo ya kitenge."

"Kama hamuna, nitakaa chini."

Wakaenda. Stéphane alikuwa kwenye simu, akawaonyesha viti. Albertine hakukaa. Alifungua kitenge kiunoni, chini yake alikuwa amevaa kingine, akakitandaza juu ya meza kama anavyotandaza turubai, akauvuta ukingo uliochanika mpaka mbele ya msimamizi.

"Angalia mu picha yako," alisema. "Maua inapatana."

Stéphane akaweka simu chini. Akatafuta ile picha, akaiweka kando ya kitambaa. Maua yalipatana.

"Mama, unajua hii kintu ilitugarimu nini?"

"Sijue. Ninajua aliyefunga ni miye. Edouard hakushuka hata mu gari."

"Alisema batoto."

"Alisema bongo, alidanganya juu ya kunisaidia. Umukatie mushahara kwa ile bongo, sawa. Lakini usimukatie gari."

Stéphane alimtazama Edouard, na Edouard alitazama viatu vyake. Kisha msimamizi akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: kwa nini mtu anafunga kitambaa kwenye sili?

Albertine akamwambia. Akamwambia habari za baba yake, chumvi, kamba ya bluu, na stesheni.

"Babu yangu alikuwa karani mu stesheni ile ile," alisema Stéphane. "Hakunisimulia ata siku moja habari ya vitambaa."

"Karani alikuwa ndani," alijibu Albertine. "Bashi ilikuwa inje."

Uamuzi ulitolewa palepale. Edouard angerudi kwenye lori baada ya mwezi mmoja bila mshahara. Albertine hakufukuzwa, ila alikatazwa kusogelea kontena.

"Na nisogelee nini?" aliuliza.

"Mahindi, mama. Saruji. Na shaba ya wazi, mpaka ikiisha."

"Itaisha lini?"

Stéphane akasema: mwezi wa tano.

Wakati wa kiangazi kizuri Albertine alikuwa akifunika malori kumi na mbili kwa wiki, mengine ya kampuni hiyo na mengine ya wapita njia. Sasa yakawa matatu, wiki nyingine mawili. Alianza kufika uwanjani akiwa na kazi ya mkono ya kumshughulisha, akawa anashona mifuko kutokana na maturubai yaliyokwisha. Madereva walinunua kwa huruma, na huruma ile ilimchosha kuliko jua.

Mwishoni mwa mwezi wa tano likaja lori la mwisho la shaba ya wazi. Edouard, ambaye alikuwa amerudishiwa funguo, ndiye aliyepangiwa kuliendesha. Hapakuwa na hotuba. Albertine alipanda juu ya shehena bila ngazi, kama kawaida yake, akatandaza turubai, akaona tundu dogo kwenye pembe. Akaketi juu ya shaba, akatoa sindano, akaanza kushona.

"Mama, hii bashi hairudi," alimwambia Edouard kutoka chini. "Nikiishusha kule, banaiuzisha."

"Sikiliza huyu! Kwa hiyo nitume kule bashi ya tundu?"

Madereva wengine walikuja kusimama. Mmoja akatania kwamba mama anashona kwa ajili ya harusi. Mwingine akamwambia nyamaza. Alipomaliza alishuka, akazunguka lori lote akijaribu kila kamba kwa kidole, akaosha mikono, akala maharage kwa Falonne.

Wiki iliyofuata binti yake Dorine alipiga simu kutoka Kolwezi, anakoishi na mumewe. Treni za Lobito zimeanza tena kufika, alisema. Zikienda zinabeba shaba, nayo huko imo ndani ya kontena. Lakini zikirudi zinaleta salfa ya viwanda, katika mifuko mikubwa, na sehemu ya mifuko hiyo huja juu ya mabehewa ya wazi. Salfa haipendi maji. Maturubai yanachanika, na kwenye uwanja wa kupakulia hakuna mtu anayejua kuyashona. Wanatafuta.

Falonne hakufurahi.

"Kolwezi utafanya nini na miaka ile yote? Unafuata treni ya papa yako."

"Sifuate papa. Ninafuata kazi."

"Bongo."

"Basi yote mbili," alisema Albertine. "Lakini papa hanilipe."

Alifikiri mwezi mzima. Alikwenda kutazama stesheni ya Lubumbashi, ambako hakuwa ameingia tangu arobaini ya baba yake. Nyasi zimeota katikati ya reli za pembeni. Alimkuta mzee mmoja mlinzi, wakazungumza kuhusu mabehewa ya zamani, rangi zake, kelele zake, jinsi mji wote ulivyojua saa kwa kusikia treni ya magharibi ikipita. Kisha akarudi Katuba, akaanza kufunga vitu.

Aliondoka mwezi wa nane, kwa basi la asubuhi.

Sasa anafanya kazi kwenye uwanja wa kupakulia salfa, Kolwezi, na hulipwa kila mwisho wa mwezi, jambo ambalo anasema bado linamshangaza. Jioni macho yanamwasha. Anaishi chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Dorine. Anawafundisha wanawake wawili kushona matundu ya pete ya kupitishia kamba, na anataka mvua zikianza mwezi wa kumi na moja wawe wanaweza kuachiwa behewa peke yao. Akijaliwa, mwakani atajenga kibanda chenye bati, cha kushonea, karibu na reli. "Kibanda ya maana," anasema. "Ya kusimama, ata kama njia itageuka tena. Malori bado bataitaka."

Edouard anaendesha kontena kwenda Dar es Salaam. Mtoto wake wa tano alizaliwa mwezi wa saba. Mke wake sasa humsalimia Albertine kwa simu.

Stéphane anagawanya siku zake kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kwa sababu kampuni imeanza kupeleka sehemu ya shehena Lobito. Falonne bado yuko getini. Ameongeza samaki kwenye maharage, kwani madereva wa kontena hawakai muda mrefu na wanapenda kula mara moja na kuondoka. Dorine ni mjamzito. Nyumba ya Katuba imepangishwa kwa mwalimu.

Katika uwanja wa njia ya Kasumbalesa hakuna aliyechukua nafasi ya Albertine. Pale alipokuwa akikunjia maturubai sasa panawekwa makontena matupu.